Kunyonya Vumbi Katika Karakana Ndogo ya Useremala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa seremala mwenye karakana ya mtu mmoja hadi watano: msumeno wa meza, mashine ya kuranda, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji), grainda ya msasa, labda na msumeno utepe, vyote ndani ya banda au chumba kimoja. Karakana za namna hii zimejaa Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba kule Nairobi, na karibu kila mji wenye mbao za kuuza. Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako karakana hufungwa madirisha na hewa ya ndani hupashwa moto. Hapa kwetu mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inaweza kukupunguzia gharama.

Banda langu liko wazi na upepo unapita. Kuna haja gani ya kunyonya vumbi?

Upepo unasaidia, lakini unachelewa. Vumbi linatoka kwenye meno ya msumeno au kwenye msasa, yaani hatua moja tu kutoka puani mwako. Umelivuta kabla upepo haujalifikia. Tena upepo hauna utii: ukigeuka, unakurudishia usoni kila kitu, au unampelekea mama lishe wa jirani.

Banda lililo wazi lina faida moja kubwa. Unga mwembamba haubaki ukizunguka ndani kutwa nzima kama kwenye chumba kilichofungwa. Katika hewa tulivu, chembe ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huchukua kama dakika 10 kushuka kutoka usawa wa uso hadi sakafuni, na ya mikroni 1 huelea kwa saa nyingi. Kwa hiyo ukiwa na banda wazi umeshapata nusu ya pili ya mfumo, ile ya kusafisha hewa ya chumba. Iliyobaki ni nusu ya kwanza, nayo ndiyo yenye uzito: kulidaka vumbi pale linapozaliwa.

Vumbi la mbao lina madhara kweli, au ni mafua tu?

Lina madhara kweli. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulianza kukusanywa miaka ya 1960 huko High Wycombe, mji wa Uingereza uliokuwa maarufu kwa kutengeneza viti. Madaktari wa pua na koo waliona saratani adimu ya ndani ya pua ikiwapata watengeneza samani kupita kiasi. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kujitokeza, ndiyo maana fundi kijana husema "mimi sijawahi kuumwa" na kwa sasa anasema kweli.

Kabla ya huko kuna pumu, kikohozi kisichoisha, macho kuwasha na vipele. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya watu. Msaji na mpingo nao huwasha ngozi. Ubaya wa mzio ni kwamba unaweza kufanya kazi na mbao fulani kwa miaka bila shida, kisha mwili ukaikataa na usiikubali tena. Kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi) kuna la ziada: unga wake ni laini sana na gundi yake kwa kawaida ina fomaldehaidi, ambayo nayo imo kwenye kundi hilohilo la kwanza.

Ili upate picha ya kiasi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini Uingereza kwa mbao ngumu ni miligramu 3 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Mtu anayefanya kazi huvuta kama mita 10 za ujazo kwa siku ya kazi. Hizo ni miligramu 30, unga unaoweza kuushika kwa ncha za vidole viwili. Mashine ya msasa isiyo na mfuko hukutolea zaidi ya hapo.

Sakafu yangu imejaa maranda. Hilo ndilo tatizo?

Maranda yanateleza na yanawaka, lakini hayawezi kufika mapafuni. Kinachofika ndani kabisa ni unga usioonekana vizuri kwa macho, ule chini ya mikroni 10. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70. Kwa hiyo karakana iliyofagiwa vizuri inaweza kuwa na hewa mbaya, na yenye maranda hadi kwenye vifundo vya miguu ikawa na hewa nafuu. Ukinunua mfumo, usiupime kwa usafi wa sakafu peke yake.

Fedha ni kidogo. Nianze na nini?

Ningeanza hivi. Kwanza barakoa ya kweli, wiki hii hii. Pili, vakyumu ya karakana yenye mpira unaoingia kwenye mashine ya msasa na ruta, ikiwa na pipa la kutenganisha mbele yake. Tatu, feni kubwa ya kunyonya kwa ajili ya msumeno wa meza na mashine ya kuranda. Saikloni (chombo kinachozungusha hewa ili maranda yaanguke kwenye pipa) na mabomba ya kuzunguka karakana nzima vije baadaye, au visije kabisa.

Wengi huanza na feni kubwa kwa sababu inaonekana ni mashine. Lakini kazi inayotoa unga mbaya kuliko zote ni kupiga msasa, na kwa kazi hiyo vakyumu ndogo inatosha.

Vakyumu na feni kubwa ya kunyonya vina tofauti gani? Si vyote vinanyonya?

Vinanyonya kwa njia mbili tofauti. Vakyumu ina mvuto mkali na hewa kidogo: hupitisha kama mita 150 hadi 200 za ujazo kwa saa, lakini mvuto wake ni kama mara kumi ya ule wa feni. Ndiyo maana inaweza kuvuta kupitia mpira mwembamba na matundu madogo ya mashine ya msasa. Feni kubwa ina mvuto hafifu na hewa nyingi, mita 1,000 za ujazo kwa saa na kuendelea, ilmradi umeipa bomba pana.

Ukifunga vakyumu kwenye mashine ya kuranda, itaziba baada ya ubao mmoja. Ukifunga feni kubwa kwenye mpira mwembamba wa mashine ya msasa, haitavuta chochote cha maana. Kila moja na kazi yake. Kifaa kimoja cha kufanya kazi zote mbili vizuri katika karakana ndogo hakipo, na anayekuambia kipo anakuuzia.

Bomba liwe na upana gani?

Hapa ndipo mifumo mingi inapoharibikia.

Ili unga na maranda vipae bila kutulia ndani ya bomba, hewa inatakiwa kwenda kwa kasi ya kama mita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, bomba la milimita 100 hupitisha mita za ujazo zipatazo 565 kwa saa. La milimita 125 hupitisha 880 hivi. La milimita 150 hupitisha kama 1,270. Tazama hesabu hiyo vizuri: kutoka inchi 4 (milimita 100) kwenda inchi 6 (milimita 150) hewa inazidi mara mbili.

Kwa kudaka maranda tu, mita za ujazo 600 hivi kwa saa kwa kila mashine zinatosha. Kwa kudaka unga mwembamba kwenye msumeno wa meza, unahitaji 1,300 na zaidi. Bomba la inchi 4 haliwezi kufika huko kwa feni ya kawaida, hata ukiweka injini kubwa kiasi gani, kwa sababu mvuto wa feni ni hafifu na bomba jembamba linaumeza wote.

Mabomba ya PVC ya maji taka yanafaa na yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ya milimita 110 na ya 160. Kwa feni ya hospawa 2 na kuendelea, chukua ya 160 kama njia kuu. Mambo ya kuzingatia: elbo moja kali ya digrii 90 inakula mvuto kama mita 2 hivi za bomba lililonyooka, kwa hiyo tumia elbo mbili za digrii 45 zenye kipande kifupi katikati. Usitumie tii (kiungo cha umbo la herufi T), tumia kiungo cha mshazari ili hewa iingie kwa kufuata mkondo. Mpira wa mikunjo unapunguza hewa karibu mara tatu ya bomba laini la urefu uleule, basi uwe mfupi, mita moja au moja na nusu mwishoni tu, pale mashine inapohitaji kusogea.

Kwa karakana yenye mashine tatu, mimi sipendekezi mabomba ya kudumu kabisa. Weka feni kwenye magurudumu, ipe mpira mpana mmoja mfupi, uihamishe. Unatumia mashine moja kwa wakati mmoja, na feni iliyo karibu inavuta kuliko feni kubwa iliyo mbali. Ukiamua kufunga mabomba ya kudumu, kila tawi liwe na kigeti cha kuteleza cha plaiwudi, na kibaki wazi kimoja tu.

Kwenye boksi wameandika mita za ujazo 2,000 kwa saa. Niamini?

Takwimu hiyo kwa kawaida hupimwa feni ikiwa tupu, bila bomba, mara nyingine bila hata mfuko. Ukishaunganisha bomba, mfuko na mashine, tarajia nusu au kidogo zaidi. Tazama vitu vitatu badala ya boksi: kipenyo cha feni yenyewe ndani (inchi 12 ni bora kuliko 10), upana wa mdomo wa kuingizia hewa, na ukubwa wa mfuko au chujio. Mashine yenye mdomo wa inchi 6 uliogawanywa kuwa midomo miwili ya inchi 4 mara nyingi hurudi kuwa ya inchi 6 ukikitoa tu kigawanyio kilichofungwa mbele.

Injini ya hospawa ngapi?

Hospawa 1 inatosha mashine moja ya karibu, kwa maranda. Hospawa 2, yaani kilowati 1.5, ndicho kipimo ninachokiona cha busara kwa karakana ndogo. Hospawa 3 ni kwa anayetaka saikloni.

Injini ya kilowati 1.5 kwenye fezi moja huvuta kama ampea 9 au 10 ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Usiichomeke kwenye ekstensheni moja na msumeno. Ipe njia yake kutoka kwenye sakiti breka, waya wa milimita za mraba 2.5. Washa feni kwanza, subiri ishike kasi, ndipo uwashe msumeno. Kwa matumizi ya umeme, saa tatu za kazi ni kama uniti 6, kwa hiyo zima unapopima na kuchora.

Ndugu yangu anataka kunitumia mashine iliyotumika kutoka Marekani. Niikubali?

Uliza kwanza bamba la injini linasema nini. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wetu ni wa hezi 50. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Injini ya hezi 60 ikiwashwa hapa itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na kwa feni hiyo si hasara ndogo: hewa inapungua kwa kiasi hichohicho na mvuto unapungua kwa karibu theluthi. Tena injini inaweza kupata joto kupita kiasi kwa sababu haikuundwa kwa hezi hizo. Kama bamba linasema 50/60, chukua. Kama linasema 60 tu, ichukue iwapo uko tayari kubadilisha injini.

Za Uingereza na Falme za Kiarabu ni hezi 50 kama zetu. Saudi Arabia ni hezi 60, angalia kabla ya kulipa.

Saikloni ni ya lazima?

Si ya lazima, ila kifaa chochote cha kutenganisha maranda kabla ya chujio kina thamani kubwa. Chujio likishaziba, hewa inapungua, na mfumo mzima unakufa polepole bila wewe kujua. Saikloni huzungusha hewa, uzito unashuka kwenye pipa, na unga kidogo tu ndio unaofika kwenye chujio. Kwa vakyumu, saikloni ndogo ya plastiki juu ya ndoo ngumu ni ununuzi mzuri kuliko yote katika maelezo haya. Ndoo iwe ngumu kweli, kwani mpira ukiziba vakyumu inaweza kuikunja ndoo nyembamba.

Kwa feni kubwa, saikloni halisi inakula sehemu ya mvuto na inahitaji dari ndefu. Mwenye hospawa 2 na banda fupi afadhali pipa la lita 200 lenye kizuizi cha plaiwudi ndani.

Mfuko wa kitambaa unatosha?

Mfuko unaokuja na mashine za bei nafuu mara nyingi hudaka chembe za mikroni 30 na zaidi. Zilizo ndogo zinapita, na ndizo za hatari. Ukiuweka ndani, mashine inageuka kuwa ya kukusanya maranda na kupuliza unga usoni kwako. Mfuko wa mikroni 1 au chujio la mikunjo la kiwango hicho ndilo jibu kama hewa inarudi ndani.

Lakini kwetu kuna njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda: toa hewa nje. Huko kwenye baridi hawapendi, kwa sababu wanatupa hewa waliyoilipia kuipasha moto. Sisi hatuna hasara hiyo. Weka feni nje ya ukuta, kwenye kibanda kidogo chenye bati juu na matundu ya hewa, maranda yaanguke kwenye pipa na hewa iende zake. Unapata hewa zaidi kwa sababu chujio halizuii, unapunguza kelele, na hata moto ukitokea hautokei miguuni pako. Sharti ni moja: uwe na nafasi ambayo hewa hiyo haiendi kwenye dirisha la mtu, wala kwenye kamba ya nguo. Kwenye uchochoro wenye nyumba kila upande, weka chujio.

Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea feni?

Kibanda, pipa, saikloni ya bati la milimita 1 na vigeti, ndiyo. Feni yenyewe inayozunguka, kwa tahadhari kubwa. Inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na isipokuwa na uwiano itatikisika hadi kuvunja beringi au kurusha panga. Nunua feni iliyokwisha kusawazishwa, ujenge vingine vyote kienyeji. Iwe na mapanga bapa yaliyonyooka. Zile zenye vijipanga vingi vya kupinda, za mashine za kupozea hewa, huziba. Na feni ya ukutani ya kutolea joto si kifaa cha kunyonya vumbi. Ukiiwekea bomba inakoma kuvuta.

Mashine ipi ni ngumu kudhibiti?

Grainda yenye diski ya msasa. Inarusha unga mzunguko mzima, kwa kasi kubwa, na fundi ameinama juu yake. Kama unaweza kuiacha, iache, uchukue mashine ya msasa ya kuzunguka yenye matundu na mpira wa vakyumu; utamaliza taratibu kidogo lakini msasa unadumu zaidi kwa kuwa hauzibwi na unga. Kama huwezi, itumie nje, upepo ukitoka mgongoni, na barakoa.

Msumeno wa meza unataka kunyonywa chini na juu. Funga sanduku chini ya meza ili hewa isivutwe kutoka kila mwanya, na juu ya diski weka kikinga chenye mpira. Kinga hiyo inalinda vidole pia. Mashine ya kuranda ndiyo rahisi kuliko zote.

Barakoa gani?

Ile ya kitambaa na ile ya hospitali hazifai, hewa inapita pembeni. Tafuta iliyoandikwa FFP2 au N95, au bora zaidi ya mpira yenye vichujio vya P3 vya kubadilisha, ambayo kwa miezi inakuwa nafuu. Ndevu nyingi huzuia kukaza. Vaa pia unapofagia na unapomwaga mfuko, kwani hapo ndipo wengi huivua.

Naweza kujipuliza kwa kompresa nikimaliza kazi?

Hapana. Unaurudisha hewani unga wote uliokuwa umetulia. Tumia vakyumu au kitambaa chenye unyevu.

Kuna hatari ya moto?

Ipo, na ni kubwa kuliko ile ya umeme tuli wa mabomba ya PVC ambayo watu huiogopa zaidi. Umeme tuli katika mfumo mdogo kwa kawaida hukupiga kidogo tu. Waya mtupu uliozungushwa kwenye bomba na kuunganishwa ardhini unaupunguza. Moto halisi huanza kwa cheche: msumari uliojificha kwenye mbao, kuchomelea kwa jirani, kipisi cha sigara. Cheche ikinyonywa, inaweza kufuka ndani ya mfuko kwa saa kadhaa na kuwaka usiku hakuna mtu. Basi toa maranda nje kila jioni, usinyonye kamwe unapokata chuma, na kama jirani yako anachomelea, jengeni kizuizi cha bati kati yenu. Vitambaa vyenye mafuta ya kupaka mbao visikunjwe na kutupwa kwenye maranda. Hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vianikwe.

Sheria inasema nini?

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Ukiwa na vijana uliowaajiri, afya yao kazini ni wajibu wako, na mwanafunzi wa ufundi anayepiga msasa kutwa ndiye anayekula vumbi kuliko bosi. Apewe barakoa iliyo sawa na yako.

Maranda niyapeleke wapi?

Wafugaji wa kuku huyatafuta kwa matandiko, na wengine hupikia kwenye jiko la maranda. Tenga tangu mwanzo: ya mbao safi pipa moja, ya MDF, plaiwudi na mbao zilizotiwa dawa pipa jingine. Hayo ya pili yasiende kwa kuku wala jikoni, kwani gundi na dawa ya mbao vimo ndani.

Nitajuaje kama mfumo wangu unafanya kazi?

Washa kijiti cha udi, mashine zikiwa zimezimwa na maranda yameondolewa, ukisogeze mahali vumbi linapotoka huku feni pekee ikinyonya. Moshi unapaswa kuingia bombani bila kusita. Kisha jioni, kukiwa na giza, endesha msumeno na umulike tochi kwa ubavu; utaona kwenye mwanga unga unaoponyoka na unapotokea. Rekebisha hapo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Chujio nilisafishe baada ya muda gani?

Kila wiki kwa karakana yenye kazi nyingi, na mara mbili kama unakata MDF. Lipige taratibu kwa nje ukiwa na barakoa, nje ya banda. Mfuko ukijaa zaidi ya theluthi mbili, mwaga.